Marehemu Esta Jailos Kihwele, Mkaguzi wa Nusu Njia

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa Ipogolo na ndugu mliotoka Mbeya, wanachama wa Nusu Njia mliojaza mabasi mawili: kamwene. Wasifu huu unasomwa na Gerson Kihwele, mdogo wake marehemu. Ameuandika Gerson, lakini marehemu aliukagua mwenyewe kitandani, sentensi kwa sentensi, kwa kalamu nyekundu, kwa sababu hakuamini kwamba mtu akishalala kwenye jeneza watu watamsema kwa ukweli. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno "alikuwa mtu wa watu." Aliyakata, akaandika pembeni: "Watu gani? Wataje." Ilikuwa pia na maneno "hakuwahi kugombana na mtu." Hayo aliyakata kwa mistari miwili. Mtakachosikia ndicho kilichobaki, pamoja na machache yaliyoongezwa baada ya kifo chake, na kila tarehe iliyomo ina karatasi yake.

Esta alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 hapa hapa Ipogolo, mtoto wa kwanza wa mzee Jailos Kihwele na mama Faustina. Hiyo ni tarehe ya cheti cha ubatizo. Mama yake alikuwa akisema ni mwaka mmoja kabla, wakati wa mahindi mabichi, na marehemu aliagiza zisomwe zote mbili ili asitokee mtu wa kusema moja ilifichwa. Mzee Jailos alikuwa mlinzi wa ghala la nafaka kando ya barabara kuu. Alimfundisha binti yake kuhesabu magunia kwa kuyagusa, siyo kwa kuyatazama, maana gunia la katikati linaweza kuwa la pumba na usijue. Katika watoto wanne wa nyumba ile walikua wawili tu, Esta wa kwanza na Gerson wa mwisho, aliyezaliwa mwaka 1975.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 na kumaliza la saba mwaka 1976. Akiwa darasa la tano alitangazwa kuwa wa pili. Alikwenda kwa mwalimu kuomba aone karatasi ya aliyekuwa wa kwanza. Akajumlisha alama upya, akakuta mwenzake amezidishiwa nne. Kisha, kwa kuwa kalamu ilikuwa bado mkononi, akajumlisha na za kwake, akakuta naye amezidishiwa saba. Alipeleka makosa yote mawili kwa mwalimu, akashuka kuwa wa tatu, akarudi nyumbani ameridhika kabisa. Mama yake alikuwa akiisimulia habari hiyo huku akitikisa kichwa, na hatukujua kama anamsifu au anamlalamikia. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1980 kwenye sekondari ya wasichana hapa Iringa, kisha akasoma uhasibu Dar es Salaam kwa miaka miwili.

Mwaka 1983 aliajiriwa Mbeya kuwa mkaguzi msaidizi wa hesabu za vyama vya ushirika. Aliondoka Ipogolo na sanduku la bati, godoro, na Gerson. Baba yao alikuwa amefariki mwaka 1979 na mama mwaka 1981, na mtoto alikuwa apelekwe kwa shangazi. Esta alikwenda kwanza kuona watoto wa shangazi wanalala wapi. Aliporudi alisema Gerson haendi, na hakutoa maelezo. Yeye alikuwa na miaka ishirini na moja, Gerson minane. Walipanga chumba kimoja Mwanjelwa, nyuma ya duka la viatu. Alimlisha, alimsomesha, alimchapa alipostahili, na alimkesha alipougua surua. Gerson alimwita dada kwa sababu ndivyo alivyozoea, lakini hajawahi kuwa na mama mwingine wa kumkumbuka sawasawa.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na Adrian Mwakalinga, mwalimu wa hisabati kutoka Tukuyu. Alikuwa amemchunguza kwa miezi kumi na moja. Alituma watu watatu Tukuyu kuulizia tabia yake, kila mmoja kwa siri bila kumjua mwenzake. Mwalimu Adrian alizisikia habari hizo. Alichofanya ni kuwaalika wote watatu kwa baba yake siku moja, akawaketisha meza moja, akawapa ndizi za kupika na chai ya maziwa, wakabaki kutazamana. Esta alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini, akasema mtu anayeweza kufanya hivyo hana cha kuficha. Walijaliwa Blessing mwaka 1987 na Ombeni mwaka 1990. Mwalimu Adrian alifariki kwa moyo tarehe 3 Juni 2011. Rasimu ilisema marehemu alimpenda sana mumewe. Sentensi hiyo hakuigusa.

Chama cha ushirika kilipopunguza watumishi mwaka 1996, Esta alijiajiri kukagua hesabu za maduka. Wenye maduka wa Mwanjelwa walimwita "Nionyeshe," maana ndilo neno lake la kwanza akishavuka kizingiti. Mwaka 1998 aliitwa hapa Iringa kukagua duka la vyombo la mzee mmoja wa Kihindi. Aliyekuwa akiandika vitabu vya duka hilo ni kijana wa mzee huyo, Umakant Vithaldas. Esta alikaa siku tatu akitafuta kosa, asilipate hata la shilingi kumi. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alikasirika, akaongeza siku ya nne kwa gharama yake mwenyewe. Siku hiyo ya nne, wakati anafunga mkoba, Umakant alimwambia kwa upole, "Dada Esta, kosa lipo moja. Ukurasa wa themanini na mbili. Nilitaka kuona kama utaliona." Tangu siku hiyo waliheshimiana, na kwa Esta heshima ilikuwa kitu adimu kuliko upendo.

Hao wawili ndio chanzo cha kampuni ambayo wengi wenu mnaijua kuliko mlivyomjua marehemu. Wazo lilikuwa rahisi: akiba za watu wengi wadogo, walimu, wenye maduka, wakulima wa mahindi na viazi, zikusanywe na kuwekezwa pamoja kwenye hatifungani za serikali, kwenye hisa, na kwenye mashamba ya miti ya mbao ya Mufindi na Njombe. Lakini watu wa Iringa walisema hawapeleki akiba zao Mbeya, kwa kuwa watu wa Mbeya ni wajanja. Watu wa Mbeya nao walisema hawapeleki Iringa, kwa kuwa watu wa Iringa wamekaa kimya mno, na mtu akinyamaza sana ana lake jambo. Ikabidi wakutane Makambako, katikati ya safari, ambako hakuna upande uliokuwa nyumbani. Tarehe 15 Machi 2003 watu kumi na tisa walitia saini kwenye ukumbi wa hoteli ndogo karibu na stendi, kila mmoja akiwa amekuja na kalamu yake. Jina la Nusu Njia lilitoka hapo. Siku hiyo waliandaliwa kuku, na Umakant, ambaye hali nyama, aliagiza wali na maharage. Baadhi ya waanzilishi waliacha kula wakamtazama kwanza, wakijiuliza amejua nini kuhusu wale kuku.

Kampuni ilipata leseni mwaka 2006 na kufungua ofisi Mwanjelwa. Umakant alikuwa meneja wa fedha, Esta mkaguzi wa ndani, na Gerson, aliyekuwa amemaliza kozi ya ukarani, akaajiriwa kuchapa barua. Esta ndiye aliyetunga kanuni ya kampuni kwamba hakinunuliwi kitu mpaka kionwe na watu watatu: mmoja wa Iringa, mmoja wa Mbeya, na mmoja asiyeelewana na hao wawili. Wanachama walicheka. Mwaka 2008 waliacha kucheka. Mtu mmoja alikuwa anauza mashamba mawili ya paini, akawaonyesha la kwanza asubuhi, kisha akawazungusha kwa gari saa nzima kwenye njia za milimani na kuwaonyesha la pili mchana. Miti ilikuwa mizuri kote kote. Wenzake wakaanza kupeana mikono na muuzaji. Esta akatembea mpaka mstari wa sita, akapapasa nyuma ya mti mmoja, akarudi na kibanio chake cha nywele alichokichomeka pale asubuhi. Shamba lilikuwa moja, limeingiwa kwa njia mbili.

Baada ya hapo kampuni ilikua haraka. Kufikia mwaka 2014 ilikuwa na wanachama zaidi ya mia sita, na gawio lililipwa kila Desemba bila kuchelewa. Wapo waliosomesha watoto kwa gawio hilo, na wamo humu. Wapo pia waliosema mwanamke huyu ana roho mbaya, hamwamini hata Mchungaji, na hao nao wamo humu. Marehemu alisema waachwe wakae, wengine wamekuja kuhakikisha kama kweli amekufa, na hilo yeye analielewa.

Sasa inafuata sehemu ambayo marehemu hakukata hata neno moja. Aliongeza.

Kati ya Februari 2015 na Julai 2016 Nusu Njia ilikosa mashamba matatu ya miti. Kila mara kampuni ilipeleka ofa yake kwa muuzaji katika bahasha yenye lakiri. Kila mara mfanyabiashara wa mbao wa hapa Iringa, aitwaye Darshan, alipeleka ofa iliyoizidi ya kampuni kwa kiasi kidogo tu, kama bei ya mbuzi mmoja. Mara ya kwanza ni bahati. Mara ya tatu Esta alifunga mlango wa ofisi yake akaandika orodha ya watu waliogusa bahasha zile. Orodha ilikuwa na majina sita. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe, maana alisema mkaguzi asiyejishuku hajaanza kazi. Yalifuata majina ya Umakant, ya mwenyekiti Filemoni, ya mhasibu Sakina, ya dereva na ya mlinzi. Sakina alipoonyeshwa aliuliza, "Dada Esta, na Gerson je? Si ndiye anachapa?" Esta alimjibu, "Gerson nimemlea mimi."

Aliwachunguza wote sita kwa wiki saba. Kitu pekee alichopata ni kwamba Darshan amemwoa binti wa dada yake Umakant. Lilikuwa jambo la kweli, na halikuwa siri, harusi ile Esta mwenyewe alikwenda. Lakini mtu aliyetafuta kwa wiki saba hutaka kupata, na kwa watu wetu jambo hilo lilitosha na kubaki. Umakant alikuwa Mhindi, Darshan alikuwa Mhindi, wameoleana, basi. Marehemu aliagiza lisemwe wazi hivyo hivyo, kwamba alishuku ukoo wa mtu kwa sababu vitabu vyake havikumpa pa kushika.

Tarehe 22 Oktoba 2016, Makambako, kwenye mkutano mkuu, mbele ya wanachama mia mbili na kumi na wanne, Esta alisimama na kusema kwamba siri za kampuni zinauzwa na kwamba anamshuku Umakant. Aliyemshikia kipaza sauti ni Gerson. Ukumbi ulichafuka. Mwenyekiti Filemoni alisema, "Mtu miaka kumi na tatu hali kuku wetu, mlitegemea nini?" Filemoni yupo hapa na amekubali hilo lisomwe. Umakant aliulizwa ana la kusema. Alisimama, akasema, "Jambo ambalo sikufanya, sijui nawaonyesheaje." Kisha akatoa funguo za ofisi mfukoni, akaziweka mezani moja moja, akitaja kila moja ni ya nini, mpaka ya kabati la chai. Akatoka. Alirudi Iringa peke yake, na kura ya kumwondoa ilipigwa akiwa hajafika hata njia panda.

Baada ya hapo siri ziliacha kuvuja. Watu wakasema, mmeona? Hapo ndipo shaka ikageuka kuwa ushahidi, na hakuna aliyeuliza tena. Ofisini kulikuwa na picha ya waanzilishi kumi na tisa. Mtu aliikunja upande mmoja ndani ya fremu wakabaki kumi na wanane. Wanachama wa Iringa waliacha kuingia duka la vyombo la Umakant. Walimu waliokuwa wakichukua sufuria kwake kwa kulipa kidogo kidogo walivuka barabara wakimwona. Binti yake alikuwa mwanachama mdogo kuliko wote, akajitoa. Miaka minane ilipita hivyo. Esta hakuwahi kusema kama usingizi unamjia vizuri, lakini Blessing anashuhudia kwamba mama yake aliihifadhi nakala ya ukurasa wa themanini na mbili wa vitabu vya duka lile, na kwamba mara kwa mara alimkuta anaitazama.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2023. Mwezi Februari mwaka huu hali ilipozidi, madaktari walitaka awe karibu na hospitali kwa ajili ya kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, akahamia kwa Gerson, mtaa wa Soweto, Mbeya. Gerson na mkewe Joyness walimpa chumba cha mbele. Nyumba ile imeezekwa vizuri, mabati ya rangi ya damu ya mzee, lakini dari haijapigwa, kwa hiyo mtu akilala chali anatazama kenchi, mbao zinazobeba paa. Esta alilala chali siku nane. Siku ya tisa, baada ya chai ya asubuhi, alimwita mdogo wake.

"Gerson, njoo ukae."

Akakaa.

"Hizi kenchi nimehesabu. Chumba hiki tu ziko kumi na nne. Kila moja mwisho imepakwa rangi ya kijani na herufi D. Mbao za nani hizi?"

"Si za dukani tu, dada."

"Duka gani?"

Gerson alisema amesahau.

"Umenunua mbao za nyumba nzima halafu unasahau duka? Mimi sufuria niliyonunua mwaka themanini na tano nakumbuka na aliyeniuzia. Risiti iko wapi?"

Risiti haikuwepo. Gerson alitazama sakafu. Aliisikia sauti ya Joyness uani anafukuza kuku, akatamani awe yeye anayefukuza kuku.

"Mara ngapi?" Esta akauliza. Alikuwa ameshatoa daftari chini ya mto.

"Tatu."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Umakant je?"

"Hajui kitu, dada. Hajawahi kujua kitu."

Esta aliandika. Alifika mwisho wa mstari. Gerson alijieleza hivi: kwamba mwaka 2014 alikuwa amesimamisha kuta, zikanyeshewa misimu miwili, na mke alikuwa mjamzito, kwamba wakala wa Darshan alimwambia ni tarakimu tu, tarakimu haina uzito, kwamba baada ya mkutano wa Makambako aliogopa, akaacha. Yote ni kweli na hakuna linalosaidia. Dada yake alimsikiliza bila kumkatiza, kisha akasema, "Ukanishikia na kipaza sauti." Akageukia ukutani.

Kwa siku tatu hakula chakula kilichotoka mkononi mwa Gerson. Alikula kilicholetwa na Joyness. Siku ya nne alisema, "Mabati usiyang'oe. Watoto wako hawakuiba."

Tarehe 6 Machi, kati ya siku mbili za hospitali, alikodi gari akaja Iringa. Gerson aliendesha. Alitembea kwa fimbo mpaka ndani ya duka la vyombo, akakataa kiti, akamwambia Umakant habari yote akiwa amesimama, na Gerson akiwa pembeni yake. Kisha akaomba msamaha. Esta alikuwa hajaomba msamaha kwa mtu yeyote tangu Gerson amfahamu, na hakujua namna ya kuufupisha.

Umakant alikuwa amezeeka. Alifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Mwishowe alisema, "Dada Esta, uliponishuku mlikuwa watu mia mbili na kumi na wanne. Leo hapa tuko watatu."

"Ni kweli," Esta akasema.

"Mimi nimeshakusamehe, sina kinyongo na mgonjwa. Lakini jina langu halipo dukani hapa. Liko Makambako. Ulilipeleka huko, mimi siwezi kulifuata."

Njiani kurudi Mbeya walipita Makambako. Hapo Esta alimwambia Gerson asimamishe gari. Alihesabu kwa vidole. Mkutano mkuu ni Oktoba, na daktari alikuwa amemwambia asipange mambo ya Oktoba. Gerson akasema uitishwe mkutano wa dharura. "Mkutano wa dharura watakuja thelathini," akajibu, "tena wale wale wapenda chai. Kwenye mazishi yangu watakuja wote. Hata wasionipenda watakuja. Utasoma wewe."

Ndugu zangu, ndiyo maana mmekalishwa juani kwa muda mrefu kuliko desturi. Marehemu hakumwamini msomaji. Amewapa nakala watu watatu wasioelewana, Blessing binti yake, Sakina mhasibu, na Filemoni mwenyekiti, na mnawaona pale mbele wanafuata kwa kidole. Neno likirukwa, mmoja wao anyooshe mkono. Hakuna aliyenyoosha mpaka sasa, na linalofuata ndilo walilowekewa.

Umakant Vithaldas hakuuza siri ya Nusu Njia, wala hakuijua njama hiyo, wala hakupata kitu kwayo. Aliondolewa kwa shaka ya marehemu, na marehemu alikosea. Aliyeuza siri za kampuni mara tatu, mwaka 2015 na 2016, kwa bei ya paa la nyumba, ni Gerson Jailos Kihwele, ambaye ndiye anayesoma. Amejiuzulu tangu tarehe 1 Agosti, maelezo yake yenye saini yako kwa bodi, na bodi itamfanyia inavyoona haki. Picha ya waanzilishi imekunjuliwa na imechapwa ukurasa wa nne wa kijitabu mlichoshika. Wako kumi na tisa. Umakant mwenyewe alipelekewa taarifa ya msiba kwa mkono, lakini kijitabu kilipokwenda kuchapwa Alhamisi alikuwa hajasema kama atakuja, na msomaji hajathubutu kutazama viti vya nyuma.

Marehemu alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa nne na dakika arobaini asubuhi, hospitalini Mbeya, akiwa na Blessing na Joyness. Gerson alikuwa ameteremka chini kutafuta maji ya kunywa. Aliporudi ilikuwa imeshakwisha, na jambo hilo linamuuma kuliko anavyoweza kuliandika.

Ameacha watoto wawili, Blessing na Ombeni, wakwe wawili, wajukuu watano, wifi yake Joyness, aliyemwuguza kwa mikono yake, na wanachama elfu moja mia moja na themanini wa Nusu Njia. Orodha ya wafiwa wengine aliiandika mwenyewe, na ina majina mawili tu. La kwanza ni Umakant, na mbele yake ameandika "ndugu." La pili ni Gerson, na mbele yake hakuandika kitu.

Alipomaliza kuukagua wasifu huu, Jumapili ya tarehe 3 Agosti, alimrudishia Gerson karatasi na kufunga kalamu. Gerson alimwuliza, "Dada, umenisamehe?" Alimtazama kwa yale macho yake ya kutafuta gunia la pumba, akasema, "Soma kwanza." Siku zilizofuata hakuwa na nguvu ya kuzungumza.

Mwili wake uende taratibu kwa baba na mama yetu, na Mungu ampe raha ambayo hatahitaji kuikagua.

Nimesoma, dada. Nimesoma yote.